Likizo Nne Ndani ya Siku Tano

Kisa hiki nimekishona kwa vipande vya watu kadhaa, kwa hiyo asitokee mtu Iringa akadai nimemsema yeye. Mhusika wetu ni mtumishi wa umma wa Dar es Salaam, mzaliwa wa Kilolo, mwenye mke, watoto watatu na IST moja. Mwaka huo zamu yake ya kulipiwa nauli ya likizo ilikuwa imefika, na hela ya namna hiyo ikishasoma kwenye simu humfanya mtu ajione ana uwezo kuliko alionao. Likizo yenyewe ni siku 28. Sehemu kubwa aliitenga kwa ajili ya duka lake la vifaa vya ujenzi Mbagala. Zikabaki siku tano, na hizo tano ndizo zilizotwishwa kila kitu.

Kila kitu maana yake ni kumwona mama kijijini, upande wa Dabaga. Kuwaonyesha watoto tembo wa Ruaha. Kwenda Udzungwa kuona maporomoko ya Sanje. Na hapo katikati, mke naye apumzike. Alikuwa ameitazama filamu ya Royal Tour ilipotoka mwaka 2022, akaingiwa na haya kwamba wazungu wanavuka bahari kuja kuviona vitu ambavyo yeye, aliyezaliwa jirani navyo, hajawahi kuvitia machoni. Kwa haya hiyo simlaumu, wengi tunayo. Ninachomlaumu ni kwamba hakuuliza mtu. Mke aliarifiwa tarehe. Watoto waliarifiwa wafunge mabegi. Mama alipigiwa simu: "Tunakuja Pasaka."

Safari ya kwenda ilikuwa nzuri kuliko yote yaliyofuata, na hawakujua. Barabara kuu inapopita katikati ya Hifadhi ya Mikumi watoto waliona twiga, swala, pundamilia, na tembo wanne wakila majani karibu kabisa na lami. Wa mwisho, mwenye miaka sita, alihesabu kwa sauti mpaka dada yake akamziba mdomo. Wakapita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, wakapanda Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, wakanunua nyanya Ilula. Kabla ya kufika Iringa mjini wakapita Lugalo. Binti mkubwa, wa darasa la saba, akasema, "Baba, si ndipo hapa Mkwawa alipowapiga Wajerumani?" Ndipo hapo hasa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walivizia kikosi cha Emil von Zelewski wakakisambaratisha, na Zelewski mwenyewe akauawa. Mnara wa kumbukumbu upo, na mtoto amelileta somo lake mwenyewe mkononi. Baba akatazama saa. "Tutasimama tukirudi."

Wakaingia kijijini usiku. Bibi alikuwa amekaa macho na chakula kimepoa.

Hapa niseme jambo ambalo wanaume wengi wa nyanda za juu hawapendi kulisikia. Kwenda kwa mama ni safari njema, ya wajibu na ya upendo, lakini kwa mke wako siyo mapumziko. Ukweni mwanamke hapumziki. Kesho yake kabla jogoo hajamaliza kuwika alikuwa jikoni, moshi wa kuni mbichi machoni, akimenya viazi kwa ajili ya shangazi, binamu na majirani waliosikia kwamba watu wa Dar wamefika. Bibi alimwambia mara mbili, "Mkwe wangu, kaa chini, umechoka." Akaitikia, "Sijachoka, mama," kwa sababu jibu jingine halipo. Mumewe alikuwa nje na wenzake wa utotoni. Msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi: mianzi imekatwa ncha na mbeta zimefungwa zinajaa, na mtu aliyekaa Dar miaka kumi hawezi kuukataa. Siku ya pili ikaishia hapo. Yeye alipumzika.

Siku ya tatu ilikuwa ya Ruaha. Waliondoka saa kumi na moja alfajiri, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Udongo mwekundu wa Kilolo ukilowa huteleza kama sabuni, na IST iko chini. Walikwama mara mbili kabla hata ya kuifikia barabara nzuri, na vijana waliowasukuma walilipwa, kama ilivyo haki yao. Kutoka Iringa mjini hadi ndani ya hifadhi ni zaidi ya kilomita mia moja, nyingi zikiwa za vumbi, au za tope kwa majira yale. Wakapita Kalenga bila kusimama, ambako lilihifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Wakafika langoni mchana, jua la saa nane.

Ruaha ni hifadhi kubwa, iliyofikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000 ilipoongezewa eneo la Usangu mwaka 2008. Lakini ukubwa huo ndio unaokuadhibu ukija wakati usio wake. Kuanzia Juni hadi Oktoba, maji yakiwa yamekauka kwingine, wanyama hushuka kwenye mto Ruaha Mkuu, ukikaa ukingoni wanakuja wenyewe. Aprili maji yapo kila mahali, nyasi zimemfunika hata nyati, na wanyama hawana sababu ya kukusogelea. Askari wa langoni aliinama akaitazama IST, akatazama matope kwenye bampa, akawashauri kwa upole wasiende mbali. Kwa saa mbili na nusu waliona swala, kanga wengi, na tembo mmoja, makalio tu, akipotelea vichakani. Yule wa miaka sita akauliza kwa nini hawakubaki kule barabarani Mikumi, walikokuwa wanaona bure.

Hawakuwa wamepanga pa kulala. Walirudi Iringa usiku wakapata chumba kimoja cha watu watano.

Siku ya nne Udzungwa, na hapa kosa lilikuwa la ramani. Ukiitazama ramani ya wilaya utaona kweli Udzungwa ni ya Kilolo: milima imeegemea wilaya hii, na sehemu ya hifadhi imo ndani yake. Msitu wa Ndundulu, upande wa Udekwa, ndiko wanasayansi walikokutana mwaka 1991 na kwale wa Udzungwa ambaye sayansi haikuwa imemjua, na ni moja ya sehemu mbili tu anakopatikana kipunji, nyani aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005. Mtu akisoma hayo anadhani atatoka kwa mama yake akafike kwa kutembea. Lakini lango kuu na maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita zipatazo 170, yako upande wa pili wa milima, Mang'ula, mkoa wa Morogoro. Kutoka Iringa unashuka tena Kitonga hadi Mikumi, ndipo unakata kulia kuelekea Ifakara. Na ukifika, gari lako halina kazi: ndani ya hifadhi ile hakuna barabara, ni miguu tu, kupanda. Mwenye mtoto wa miaka sita, mke aliyelala kwa saa nne tu, na viatu vya wazi, anakwenda kutafuta nini?

Aliyekata shauri ni mke, kwenye maegesho ya gesti, akiwa na kikombe cha chai. "Baba watoto, mimi Sanje siendi. Nirudishe kwa mama nikamwage jasho ninalolijua, au nipeleke nyumbani Dar nilale." Hakupandisha sauti. Wakarudi kijijini kuaga, na bibi akawa amemchinja jogoo wa siku ya tano siku ya nne, kwa haraka.

Watu husema tatizo la utalii wa ndani ni fedha. Kwa sehemu ni kweli, gari na malazi vinaumiza. Lakini kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na bwana huyu kwa mafuta, wasukumaji na gesti alitumia hela ambayo Julai ingemlipia nafasi tano kwenye gari la kuchangia, lililoinuka, na dereva anayejua mto unapindia wapi. Alikuwa na likizo nne za aina nne. Ya mama ilihitaji muda na mikono mitupu. Ya tembo ilihitaji kiangazi. Ya mlima ilihitaji watu wazima wenye pumzi. Ya mke ilihitaji, hebu tuseme wazi, mahali ambapo mtu mwingine anapika. Hata nafuu zilizokuwa jirani, Lugalo, Kalenga, na nguzo za udongo za Isimila kilomita kama ishirini tu kutoka Iringa mjini, ambazo kwa pamoja ni siku mbili tamu kwa mtoto wa darasa la saba, aliziacha akikimbilia majina makubwa.

Mwaka uliofuata mke alipanga yeye. Julai alichanga na wenzake wawili wa kazini, wakawapeleka watoto Ruaha, wakalala nje ya hifadhi Tungamalenga kwa siku mbili, wakapikiwa. Mume alikwenda Kilolo peke yake, kwa basi, na gunia la sukari. Mama yake alimpokea, akachungulia nyuma yake.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Amepumzika, mama."

"Afadhali," bibi akasema, akamkabidhi jembe.