Bunduki ya Babu Ikatwe?

Mjomba wangu wa Mbulu ana bunduki ya kibali aliyoirithi kwa babu. Ni Lee-Enfield ya vita, .303, taji la mfalme wa Uingereza na mwaka 1917 vimegongwa kwenye chuma. Mwanawe anataka kukata mbao za mbele iwe nyepesi, apige msasa kitako, aweke na darubini, maana fisi wanamaliza mbuzi. "Wewe msoma vitabu," mjomba akaniuliza, "unasemaje?"

Nilitaka kujibu hapohapo: msiiguse! Ila nikawakumbuka wahunzi wa Kidatoga. Wanayeyusha makufuli ya shaba yaliyochakaa, wanatoa bangili. Wanafua msumari mpaka unakuwa chembe cha mshale, na Mhadzabe wa bonde la Yaeda anakwenda kuwindia. Nani amewahi kulilia kufuli? Sasa kwa nini mimi nililie umbo lililobuniwa Uingereza ili kuulia watu?

Halafu, hivi "asili" ni siku ipi? Meli ya Kijerumani Königsberg ilipoangamia kwenye delta ya Rufiji, Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Tukisema mzinga ule ni wa meli tu, kama ulivyobuniwa, tumewafuta Waafrika waliouburuta porini. Kumbe mabadiliko nayo yanaweza kuwa ndiyo historia yenyewe.

Basi nikaenda kuishika ile bunduki. Taji liko kwenye chuma, msumeno haulifikii. Lakini kwenye kitako kuna mahali pamelainika kwa shavu la babu, na pale mbao ilipopasuka bado kuna waya aliouzungushia mwenyewe. Msasa ukipita, mfalme anabaki, babu anaondoka. Na yule mpenda vitu vya kale anayeng'oa mbao hiyo na kuweka nyingine safi, ili bunduki irudi "kama ilivyotoka kiwandani", anafanya kosa lilelile. Wote wawili wanamfuta mtu wa katikati, aliyeitumia.

Nikamwambia mjomba: kama ipo darubini ya kufunga na kufungua bila kutoboa chuma, wekeni. Waya ukilegea, kazeni. Msikate, msipige msasa. Si kwamba mtengenezaji tuna deni naye; hatuna. Ila kilichofungwa kinafungulika, na mjukuu atakuja kuamua mwenyewe. Kilichokatwa tumeshamwamulia.

Binamu amenuna. Anasema mbuzi hawalindwi na alama ya shavu. Ana hoja, na siku fisi akichukua mbuzi kumi usiku mmoja sijui kama nitathubutu kurudia maneno yangu mbele yake. Kwa sasa msumeno umerudishwa stoo. Ninyi kwenu mngeamuaje?