Haya ya Wajumbe

Juma hili, baada ya sala ya laasiri, nalihudhuria kikao cha halmashauri ya madrasa moja hapa Majengo, Mombasa, na hadi leo ghaidhi haijanitoka. Mabati ya darasa la watoto wadogo yameoza, fundi amekwisha kukadiria gharama, na daftari la michango likapita mkekani mkono kwa mkono hata likamrejea mweka hazina jeupe kama lilivyotoka. Kisha mabwana wale, wote watu wa hadhi na elimu, wakaafikiana kwa kauli moja kwamba mheshimiwa aandikiwe barua.

"Mwanangu," mzee mmoja akanambia nilipohoji, "sisi tumechaguliwa tuilinde madrasa, hatukuchaguliwa kuomba."

Najua wapo watakaomtetea. Watasema kuomba humvunjia mtu hishima, na kwamba mji huu ni mji wa wakfu, ambamo mwenye mali aliitoa nyumba yake kwa ajili ya msikiti pasi na kubishiwa mlango. Hayo ni kweli. Lakini mwenye mali huyo alimjua fika yule anayemwachia amana, ilhali sisi twataka kuaminiwa na watu ambao hatujapata kuwasomea hesabu.

Mnamo 1986, Bi Swafiya Said alipoanzisha hapa Mombasa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Aga Khan, mpango ambao baadaye ulifika Unguja na Uganda, uendeshaji wa shule uliwekwa mikononi mwa halmashauri za mitaa, nao wajumbe wakafunzwa kuweka hesabu na kuchangisha. Hapana aliyedhani kwamba ujasiri wa kuomba mtu huzaliwa nao.

Mafunzo kama hayo, mimi ningeyaanza na mfuko wa mjumbe mwenyewe, ijapokuwa ni shilingi mia, kwani ulimi wa asiyetoa huwa mzito. Kisha waende wawili wawili, mzee na kijana, kwa mtu wanayemjua, tuseme mwenye duka ambaye mwanawe husoma papo hapo. Wakae, wanywe kahawa, wataje kiasi wanachokitaka bila ya kuzungukazunguka, na wamwache aulize.

Naye, bila shaka, atauliza: "Za mwaka jana zilikwenda wapi?" Hapo ndipo wengi hushikwa na kigugumizi, na wallahu aalam, nadhani hii tuiitayo haya, aghalabu, ni khofu ya suali hilo. Mheshimiwa haulizi. Huja na wapiga picha, akatoa, akaondoka, na kwa sababu hiyo barua yake huandikwa upesi.

Mwenye duka mmoja wa Mwembe Tayari, ambaye sisi humwita bakhili, alinambia kwamba hajapata kukataa kutoa. Ila tangu alipochangia zulia hapana aliyemrudia, hata kwa risiti.