Kete na Mwenye Kete

Je, mtu akikusanya kete za kale huwa ameuhifadhi mchezo? Swali hili ni dogo kwa umbo, lakini ndani yake mna jingine kubwa: utamaduni ni vitu, au ni ujuzi wa watu?

Katika karne ya 18, matajiri wa Uingereza waliagiza kutoka China vihesabio vya gamba la chaza kwa ajili ya michezo ya karata, vikiwa vimechorwa nembo za koo zao. Leo wako wanaovikusanya na kuviandikia vitabu. Si kazi bure, kwani kila kihesabio chamtaja mwenyewe.

Kete ya bao haimtaji mtu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, aghalabu mbegu za komwe. Kila mchezaji huanza na kete 32: 10 ubaoni na 22 mkononi. Kete iliyoliwa haitiwi kibindoni. Hurudishwa mchezoni upande wa aliyeila. Haina rangi wala bwana wa kudumu. Thamani yake yote imo katika kanuni: kunamua, kutakata, kulinda nyumba.

Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, yako mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani. Mwamba umetunza mashimo. Sauti za wachezaji haukuzitunza.

Hapo ndipo kitabu kinapopata heshima yake. Mwaka 1995 Alexander de Voogt alitoa kitabu juu ya umahiri wa mabingwa wa bao, baada ya kujifunza kwao Zanzibar. Kitabu huokoa kanuni mzee anapofariki. Hata hivyo, kitabu nacho hakichezi.

Tuchukue mfano wa Hirbadaw, katika nyanda za Mbulu na Hanang. Mgeni akinunua huko ubao mkongwe bila kuuliza unachezwaje, amepata gogo lenye mashimo. Kijana wa hapo akichimba mashimo mchangani, akaokota vijiwe 64 na kufundishwa na mzee, amehifadhi zaidi, ingawa mvua itayafuta mashimo yake.

Hatuwalaumu wakusanyaji, bila wao mengi yangalipotea. Tunachodai ni haki: anayeichukua kete aandike jina la aliyemfundisha, na aache nyuma yake mtu anayejua kuicheza.