Kwani Una Nini cha Kuficha?



Katibu mmoja wa VIWAWA huku kwetu Singida aliwatangazia wenzake kwenye grupu kwamba barua pepe yake imebadilika. Ile ya Gmail anaiacha, amehamia Proton Mail, kwa sababu hataki kampuni kubwa ishike barua za watu wanaomwandikia. Majibu yakamiminika. Mmoja akauliza, "Kwani una nini cha kuficha?" Mwingine akasema Mkristo ni mwana wa nuru, mambo ya sirisiri tuwaachie watu wa giza. Wa tatu akataka kujua tu kama hiyo mpya inakula bando.

Huyo wa tatu nimjibu haraka: barua ni barua, bando linaliwa na picha na video. Hawa wawili wa kwanza ndio wenye swali zito, na nimegundua vijana wengi wanalo, ila hawalisemi kwa sauti. Je, mtu anayeishi vizuri ana haki ya kufunga mlango?

Kwanza tuelewe kinachobishaniwa. Gmail ilianza tarehe 1 Aprili 2004. Ilitoa nafasi ya gigabaiti 1 bure wakati Hotmail ilikuwa inatoa megabaiti 2, na kwa kuwa ilikuwa Siku ya Wajinga, wengi walidhani ni utani. Haukuwa utani. Gharama ililipwa na matangazo: mashine zilipitia maneno ya barua yako ili kuchagua tangazo la kukuwekea pembeni. Mwaka 2017 Google wakatangaza kwamba wanaacha kutumia yaliyomo ndani ya barua kuchagulia matangazo. Tuwatendee haki, hilo walilitangaza. Lakini ufunguo wa kabati bado wanao wao. Barua zako ziko kwenye seva zao na wanaweza kuzifungua, na akaunti hiyohiyo ndiyo inayojua umetafuta nini usiku, na umeangalia nini YouTube, kama hujazima.

Proton Mail ilifunguliwa mwaka 2014 na wanasayansi waliokutana CERN, kule Geneva, Uswisi. Barua zako zikishahifadhiwa hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka, na ufunguo wa kuyarudisha unalindwa na nywila yako wewe, kiasi kwamba wenye kampuni wenyewe hawawezi kusoma. Kuna na Tuta ya Ujerumani, inafanana nayo. Hizi zinaishi kwa fedha za wateja wanaolipia, na sisi wa bure tunabebwa humo humo kwa nafasi ndogo zaidi.

Sasa turudi kwa yule mwana wa nuru. Tusimdharau, maana kuna usiri wa kweli wa giza. Katibu anayeficha matumizi ya michango, kijana mwenye wachumba wawili wasiojuana, mtu anayefuta ujumbe kabla mke hajashika simu. Usiri wa namna hiyo hata ukihamia Uswisi unabaki dhambi. Na mbele ya Mungu hakuna kabati lenye kufuli: ukisoma Zaburi ya 139 utamwona mtu ambaye Mungu anamjua akiketi na akisimama, na anashangilia kujulikana hivyo. Lakini ona, anashangilia kwa sababu anayemjua ndiye aliyemuumba na anampenda. Mungu hakujui ili akuuzie kitu. Kusema "Mungu anaona yote, basi na kampuni ione yote" ni kuipa kampuni kiti ambacho si chake.

Tena Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 6, anatufundisha kusali chumbani na mlango umefungwa, na kutoa sadaka bila mkono wa kushoto kujua. Kumbe kuna mema yanayohitaji kufichwa ili yabaki mema.

Ila mimi mfano unaonigusa zaidi uko mwanzo kabisa wa Injili hiyohiyo. Yosefu anagundua kwamba Maria ana mimba. Bado malaika hajamtokea, kwa hiyo hajui lolote zaidi ya hilo. Na Mathayo anatuambia kwamba, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumwaibisha, akaazimia kumwacha kwa siri. Sasa muulize Yosefu lile swali la kwenye grupu: kwani una nini cha kuficha? Yeye binafsi hana. Siri si yake. Ni ya mwingine, imeangukia mikononi mwake, na haki yake inaonekana katika namna anavyoibeba.

Hapo ndipo naona swali la grupu lilikosea mlengwa tangu mwanzo. Tunaulizana kana kwamba sanduku la barua pepe ni la mtu mmoja. Si la mtu mmoja. Barua ina aliyeandika na aliyeandikiwa, na mara nyingi ina mtu wa tatu anayetajwa ndani ambaye hata hajui kwamba ametajwa.

Waulizeni wazee wetu, huku Ikungi, Iramba, Manyoni, kokote. Barua zilikuja kwa S.L.P. ya parokia au ya shule, na baada ya Misa ya Dominika katekista anasoma majina. Bibi asiyejua kusoma anapokea bahasha yake, anaenda nyumbani, anamwita mtoto wa darasa la tano amsomee. Mtoto yule alijua nani ametuma fedha na nani hajatuma, nani kaoa huko Tabora bila kuaga, nani anaumwa ugonjwa usiotajwa. Alichaguliwa kwa kusoma vizuri, ndiyo, lakini zaidi alichaguliwa kwa sababu hakuwa na mdomo. Akishasema ya watu kisimani, haitwi tena, na bibi anatafuta mtoto mwingine. Hakuna aliyemuuliza bibi kama ana cha kuficha. Kila mtu alijua kwamba barua ni amana.

Kanisa linafundisha hivyohivyo, sema hatufundishwi mara nyingi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489, inasema hakuna anayewajibika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua, na namba 2492 inatutaka tuwe na kiasi kuhusu maisha binafsi ya watu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 220, inakataza kuvunja haki ya mtu ya kulinda faragha yake. Yoshua bin Sira sura ya 27 ni mkali zaidi: kwake mtoa siri ameua urafiki, na hauponyeki. (Muhuri wa kitubio ni jambo la juu kuliko yote haya, nisilichanganye. Na kwa wanaouliza kila mwaka wakati wa Kwaresima: hapana, huwezi kuungama kwa barua pepe.)

Basi fikirieni sanduku la katibu wa vijana wa parokia. Mifano hii naitunga, lakini aliyewahi kushika ukatibu ataitambua. Kuna msichana anayeomba nauli ya kwenda hospitali ya Makiungu na hataki mama yake ajue bado. Kuna kijana anayeuliza habari za seminari wakati baba yake ameshamtafutia mchumba. Kuna orodha ya familia zilizopewa mahindi mwaka ule mvua ilipokata mapema, na namba zao za simu. Hawa wote hawakumwandikia Google. Walimwandikia katibu.

Hapa mtu ataniambia: lakini mashine haina mdomo! Haiendi kisimani. Kompyuta iliyoko Marekani itajali nini kuhusu nauli ya kwenda Makiungu? Nakubali kwamba hoja hii ina nguvu, na ndiyo maana sitaki mtu aende kupiga foleni ya kitubio kusema "nimetumia Gmail mara saba". Si dhambi. Mashine haisengenyi. Lakini kusengenya si njia pekee ya kuvunja amana. Kilichohifadhiwa kinaweza kuibwa, kinaweza kudaiwa na wenye mamlaka, kinaweza kutumiwa kesho kwa kazi ambayo leo haijafikiriwa, na walioandika hawataulizwa. Yule bibi alijua ni mtoto gani anamsomea. Msichana wa Makiungu hajui.

Na nchi yetu imeshaliona hilo. Desemba 2016 mwanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa, na moja ya mambo yaliyobishaniwa mahakamani ni kutowapa polisi taarifa za watu walioandika kwenye mtandao wake. Siingii kwenye siasa. Nataka tu tuone kwamba kushika maneno ya wengine kunaweza kumgharimu mtu, na kwamba kuna watu wamekubali gharama hiyo. Katiba yetu, Ibara ya 16, inatambua haki ya faragha, mawasiliano yakiwemo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Hata kikundi kidogo cha parokia chenye orodha ya majina na namba za watu hakipaswi kujiona kiko nje ya mazungumzo haya.

Kwa hiyo namuunga mkono yule katibu. Lakini asiuze zaidi ya alichonunua. Mtu akimwandikia kutoka Gmail, nakala moja inabaki Gmail. Hilo hawezi kulizuia. Kichwa cha barua, pale unapoandika "Kuhusu", Proton hawakifungi kama wanavyofunga barua yenyewe, kwa hiyo jina la mgonjwa usiliweke hapo. Na Proton wako chini ya sheria za Uswisi: mwaka 2021 waliamriwa na mamlaka za huko kurekodi anwani ya IP ya mwanaharakati mmoja wa mazingira aliyekuwa Ufaransa, wakaitoa. Barua zake hawakuweza kuzifungua, ila mtu alipatikana. Anayekuambia kuna mahali pa siri kamili mtandaoni anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Halafu kuna jambo la karibu zaidi kuliko Uswisi na Marekani, na mimi naliona kubwa kuliko yote.

Hiyo imeili yako ilifunguliwa na nani?

Wengi wetu tunajua jibu. Ni kipindi cha kuomba mkopo wa HESLB, steshenari imejaa hadi nje, kijana wa kompyuta anakuuliza jina, anakufungulia Gmail, anaweka nywila mwenyewe, jina lako na 1234 mwishoni, anaiandika kwenye daftari la kaunta ili ukisahau urudi. Wengine walifunguliwa na fundi siku waliyonunua simu. Sisemi kwamba vijana hawa ni wabaya; wengi wanafanya kwa wema, na wametuokoa siku za mwisho za maombi. Lakini lile daftari lipo. Mwenye kulishika anaweza kuingia kwenye barua zako za mkopo, kwenye Ajira Portal, popote ulipojisajili kwa imeili hiyo, na kwenye barua za kila aliyekuamini. Ukihamia Proton kwa kumwomba yuleyule akufungulie na akuwekee nywila, umebadilisha kufuli na kumwachia ufunguo mtu wa kwanza. Afadhali anayebaki Gmail na nywila anayoijua peke yake kuliko huyo. Kama huna uwezo wa kufanya vyote mwezi huu, anza na daftari.

Wanaohama, msifute akaunti ya zamani kwa hasira. Usaili unaweza kuitwa kupitia anwani ile ya zamani, na ukikosa taarifa hakuna wa kukulipa. Badilisha kwanza anwani mahali pote ulipojisajili, moja moja, huku ya zamani ikiendelea kupokea. Na jueni tofauti moja kubwa: Proton ukisahau nywila unaweza kuweka mpya, lakini barua za zamani hubaki zimefungwa, isipokuwa umetunza yale maneno ya kurejesha wanayokupa. Ule ugumu ndio ulinzi wenyewe, lakini kwa watu tunaopoteza simu kwenye mabasi ya Dodoma unaweza kuwa kilio. Yaandike kwenye karatasi. Yaweke pamoja na cheti cha ubatizo.

Linabaki swali ambalo sijaona parokia ikilijadili. Uongozi wa vijana una muda wake, na barua za kikundi nyingi ziko kwenye imeili binafsi ya mtu. Muda ukiisha, zinakuwa za nani? Za fedha na mikutano ni za kikundi, zikabidhiwe kwa maandishi, mbele ya mlezi. Lakini yule msichana hakumwandikia katibu ajaye. Nadhani barua yake asipewe mtu mwingine kabla ya kumuuliza mwenyewe, na akisema ifutwe, ifutwe, hata kama katibu mpya ni mtu mzuri na mlezi ni padre.