Mezani pa Mfalme



Twasoma katika 2 Samweli, mlango wa 9, habari za Mefiboshethi mwana wa Yonathani. Alipokuwa na umri wa miaka mitano mlezi wake alimwangusha katika kukimbia, akalemaa miguu yote miwili. Akakaa mbali, huko Lo-debari, katika nyumba ya mtu mwingine. Mfalme Daudi alipopata habari zake angaliweza kumpelekea chakula huko huko, na watu wangalimsifu. Walakini hakufanya hivyo. Alituma watu wamlete, akamketisha mezani pake pamoja na wana wa mfalme. Tena mlango ule waisha kwa kutukumbusha ya kuwa miguu yake ilikuwa ingali imelemaa. Meza haikungoja miguu ipone.

Basi, neno hili latuhusu. Katika nchi yetu meza ya elimu imetandikwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliagiza kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shuleni. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Sheria ya mwaka 2010 ikawapa watoto hao nafasi katika shule za kawaida. Serikali imekiri kwa kalamu. Lakini imani ya nchi huonekana katika madawati: ni nani aliyeketi, na ni nani aliyeachwa kuamia ndege shambani.

Wako wasemao, "Shule ni ya watakaofaulu." Wengine husema, "Hayo ni mambo ya Serikali." Na wengine huogopa. Ng'ambo ya mto, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa mwaka 1960, naye aliwakuta wagonjwa wametengwa, kwa kuwa watu walidhani mate yao huambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana. Mtoto atumiaye dawa zake aweza kusoma pamoja na wenzake. Mara nyingi ni hofu yetu, wala si ugonjwa wake, iliyomfungia mlango.

Nao walimu wana neno la haki: darasa limejaa, na wengi hawakufundishwa kazi hii. Twalikubali. Maana Daudi naye hakumwita tu Mefiboshethi. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akamwagiza Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi wake 20, wamlimie. Sheria isiyo na watenda kazi ni meza tupu. Kwa hiyo yatupasa kusema katika mkutano wa kijiji na katika kamati ya shule, kwa adabu na bila woga: tupewe mwalimu wa elimu maalumu, vitabu vya nukta nundu, na mlango upitikao kwa kiti cha magurudumu.

Wala hatuzidharau shule maalumu. Kanisa letu lilianzisha shule ya wasioona huko Irente, Lushoto, mwaka 1963. Naye mtoto kiziwi ahitaji wenzake wa lugha ya alama. Lakini shule hizo ni chache, tena ziko mbali, na mtoto wa jirani yupo hapa.

Ninyi makatekista mwazijua nyumba zote. Mwingiapo kuomba, ulizeni habari za mtoto asiyeonekana. Chumba cha nyuma ndicho Lo-debari yetu. Mleteni, mwandikisheni, msimamieni.

Bwana, aliyetuita sisi mezani pake tungali vilema, atusaidie. Amina.