Je, Mwenye Kujitolea Ana Deni?

Ahadi ni deni. Neno hili tumelisikia tangu utoto, wala hatudhani kwamba yuko msomaji wetu anayelikataa. Mtu akisema "nitakuja", hana budi aje. Lakini leo twataka kuuliza jambo lililo gumu kidogo kuliko hilo. Yuko mtu ambaye hakuahidi neno lo lote. Hakutia sahihi mkataba, hakupokea mshahara, hakutumwa na mkubwa wake. Alijitolea tu, kwa moyo mwema, kwenda kukaa na kijana mkimbizi mara moja kwa juma, amsaidie masomo, asikilize taabu zake, amwonyeshe njia katika nchi asiyoijua. Akaenda mara tano, mara sita, kisha akaacha. Je, mtu huyo ana deni? Au, kwa kuwa alianza kwa hiari, yu huru pia kuacha kwa hiari?

Hatuulizi kwa kupenda ubishi. Twauliza kwa sababu sisi wenyewe tu wadeni.

Mwaka 2016, tulipokuwa tungali seminarini, tulipelekwa wakati wa likizo kusaidia katika kambi mojawapo ya wakimbizi mkoani Kigoma. Tulipewa kibali, kama sheria itakavyo, na kila Jumamosi tulikaa chini ya mwembe pamoja na vijana kutoka Burundi waliotaka kujifunza Kiswahili na hesabu. Mmoja wao alikuwa na umri wa miaka 15. Alikuja nchini peke yake, bila baba wala mama, akawekwa katika nyumba ya watu wema wa kwao. Majuma mawili ya kwanza hakusema kitu. Juma la tatu alileta daftari lake. Juma la tano alianza kutungojea njiani, akatupokea mkoba. Jumamosi ya nane alituuliza: "Frateri, Jumamosi ijayo utakuja?" Tukamjibu: "Mungu akipenda."

Na wakati ule ule tulijua ya kwamba Jumatano tutapanda basi kurudi seminarini. Tiketi ilikuwa mfukoni. Twaweza kujitetea kwamba maneno yale si ya uwongo. Lakini hakika tulilitumia jina la Mungu kama pazia, tusione uso wa mtoto akiambiwa kwaheri. Mwenzetu aliyebaki alitusimulia baadaye: kijana yule alikaa chini ya mwembe Jumamosi tatu, daftari likiwa mapajani, kisha hakuja tena kwa mwalimu ye yote.

Wako watakaosema kwamba tunajitesa bure. Watasema: hiari yashinda utumwa, mtu aliyetoa saa zake bila kulipwa asishukiwe kana kwamba ameiba. Jumamosi nane ni bora kuliko kutokwenda kabisa. Tena watasema: mkianza kuwadai watu wenye kujitolea, hapatakuwa na mtu wa kujitolea, na watakaoumia ni vijana hao hao.

Hoja hii ina nguvu, nasi hatuidharau. Ila twaona kwamba inachanganya vitu viwili. Ziko zawadi zinazokamilika siku zinapotolewa. Ukimpa mkimbizi blanketi, kisha usionekane tena, blanketi lingali likimtia joto. Ukimpa sufuria, atapikia ingawa hakukumbuki. Lakini mlezi hatoi kitu. Anajitoa yeye mwenyewe, yaani kuja kwake, kusikiliza kwake, kukumbuka kwake leo lile aliloambiwa juma lililopita. Zawadi ya namna hii haikamiliki kwa siku moja. Ni kama daraja: aliyejenga nusu yake hawezi kusema kwamba nusu ni bora kuliko kukosa. Huenda mtu akaiamini, akafika katikati ya mto.

Na tuangalie ni nani huyo tunayemjengea. Wasomaji wengi watakumbuka mwezi wa Mei mwaka 2015, makumi elfu ya watu kutoka Burundi walipojazana Kagunga, kijiji kidogo cha pwani ya ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawaingilia, na meli kongwe Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua mpaka Kigoma. Katika msukumano wa namna ile wako watoto waliopotezana na wazazi wao. Wala jambo hili si la nchi yetu tu: Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hueleza kwamba, katika kila watu kumi waliofukuzwa makwao duniani, wanne hivi ni watoto wasiotimiza miaka 18.

Mtoto kama huyo amekwisha kujifunza somo moja mapema mno, nalo ni hili: watu huondoka. Baba aliondoka asubuhi asirudi. Jirani alikimbilia upande mwingine. Katika kambi nako, muuguzi aliyemzoea amehamishwa. Mwalimu amerudishwa kwao. Shirika lililoendesha darasa limekosa fedha, likafunga. Hapo ndipo sisi tunapotokea, tukicheka, tukiuliza jina lake. Tukiondoka bila neno, hatumwachi kama tulivyomkuta. Tumemthibitishia somo lile baya, na safari hii kwa mkono wa mtu aliyesema kwamba anampenda.

Tena muda wa mkimbizi na muda wa mwenye kujitolea si mmoja. Warundi walioingia nchini mwaka 1972, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walingoja hata mwaka 2014 ndipo zaidi ya watu 162,000 kati yao, pamoja na watoto waliozaliwa hapa, walipokubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Aliyezaliwa humo mwaka ule sasa ni mtu mzima. Yeye huhesabu kwa miaka, sisi huhesabu kwa likizo. Basi likizo yetu ikiisha, twadhani kazi imekwisha.

Sasa turudi kwenye swali letu. Deni latoka wapi, ikiwa hakuna ahadi? Sisi twajibu: deni halizaliwi na maneno tu. Huzaliwa pia na tumaini tulilolianzisha katika moyo wa mwenzetu, tukaliona likikua, tukalilisha. Kijana yule alipoanza kutungojea njiani, tulifurahi. Hatukumwambia, "Usinizoee." Tulimpa mkoba aubebe. Kila Jumamosi tuliyokwenda ilikuwa kama kusema kimoyomoyo kwamba na nyingine tutakwenda. Mtu aweza kuahidi kwa miguu yake, hata kama mdomo umefumbwa.

Lakini hapa pana mpaka, na ni haki tuutaje. Si kila tumaini la mwingine hutufunga. Kijana akiota kwamba mlezi wake atamtafutia safari ya Ulaya, na mlezi hakulitia moto wazo hilo, basi hadaiwi safari. Anadaiwa ukweli: amwambie mapema na waziwazi kwamba hana uwezo huo. Mlezi anayenyamaza, akiliacha tumaini la uwongo likue kwa sababu linampa heshima, huyo amekopa asichoweza kulipa.

Wala hatusemi kwamba aliyeanza asiache kamwe. Watu huugua, huhamishwa kazini, huolewa mbali, hutingwa na wazazi wazee. Hakuna deni la lisilowezekana. Ila hata hapo kitu kimoja hubaki, nacho ni kwaheri iliyo wazi. Kumwambia kijana siku ya kwanza: "Nitakuwa hapa Jumamosi nane, na ya nane ni ya mwisho." Kumkumbusha ya sita. Kumleta siku ya saba yule atakayeshika nafasi yetu, wajuane tungali pale. Jambo hili halina gharama ya fedha. Laiti tungalilijua, au tuseme kweli: laiti tungalikuwa na ujasiri, kwa maana kulijua tulilijua.

Kwamba mtu aweza kuingia kwa hiari, na akiisha kuingia awe na wajibu, si wazo letu sisi tu. Nchini Italia, sheria namba 47 ya mwaka 2017 iliweka walezi wa kujitolea kwa watoto wageni waliofika bila wazazi. Raia wa kawaida hujiandikisha na kufundishwa, na mahakama ya watoto humteua awe mlezi wa mtoto fulani mpaka atimize miaka 18. Halipwi mshahara, wala hakulazimishwa kuingia. Hata hivyo akiisha kuteuliwa si mpita njia tena; anajibu mbele ya mahakama juu ya mtoto yule.

Katika Kanisa letu, Padre Pedro Arrupe alipoanzisha Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi mwaka 1980, kazi yake ilikuja kuelezwa kwa maneno matatu: kufuatana na wakimbizi, kuwahudumia, na kuwatetea. Twaona hekima katika mpangilio huo. Kufuatana kumetangulia huduma. Na afuataye mtu njiani hupimwa kwa jambo moja: kama akigeuka nyuma, yupo.

Hapa jirani Kenya tuna mfano ulio wazi. Bibi Tegla Loroupe wa Pokot Magharibi alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio ndefu za New York, mwaka 1994. Mwaka 2003 alianzisha taasisi ya kueneza amani kwa njia ya mbio. Vijana wakimbizi wa Kakuma walipojaribiwa, waliochaguliwa walipelekwa Ngong, karibu na Nairobi, wakafunzwa huko. Watano kati yao, wote wa Sudan Kusini, waliingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki huko Rio de Janeiro mwaka 2016, timu ya watu kumi, na mkuu wa timu alikuwa Bibi Loroupe. Rose Nathike Lokonyen, aliyekulia Kakuma, alibeba bendera siku ya ufunguzi. Katika mbio zake za mita 800 hakuvuka duru ya kwanza. Ingalikuwa ulezi ni biashara ya medali, hapo ungalikwisha. Lakini timu ya wakimbizi ilipokwenda Tokyo, mkuu wake alikuwa Bibi Loroupe tena, naye Rose alikuwamo. Kilichotugusa sisi katika habari hiyo si umaarufu wa bingwa. Ni kwamba vijana walikuta mtu yule yule mahali pale pale.

Tungependa kuongeza onyo moja kwa wale ambao mioyo yao ni ya moto. Mlezi si mkombozi, wala si mwenye mali juu ya kijana. Asimtenge na watu wa kwao, asimdharau mama anayemlea kambini kwa kuwa hajui kusoma, asimfundishe kuionea haya lugha yake. Aingie kwa kibali, akutane na kijana mahali pa wazi panapoonekana na watu, na walezi wake wajue. Na akubali kufundishwa. Kijana yule wa miaka 15 alituonyesha namna ya kugawa maharage ya siku saba yafike siku ya kumi na nne. Hesabu zetu za ubaoni zilikuwa nyepesi mbele ya hesabu ile.

Basi tunawaambia nini wasomaji wetu? Wazazi, kijana wenu akija nyumbani akisema anataka kwenda kusaidia wakimbizi, msimzuie. Lakini kabla ya kumsifu, mketishe, mmwulize maswali matatu. Una Jumamosi ngapi? Utamwambia lini siku ya mwisho? Nani atashika mahali pako? Akijibu kwamba ana Jumamosi nne tu, mwambieni aende kwa nne hizo, aziseme nne, azitimize nne. Kidogo kinachotimizwa hakimwumizi mtu. Nanyi mnaoishi karibu na makambi, au jirani na wageni waliokuja mjini, ninyi ndio mnaoweza kutoa kile sisi wa likizo tusichokuwa nacho, yaani mwaka mzima.

Hatujui kijana yule yuko wapi leo. Huenda alirudi Burundi pamoja na wengi walioanza kurudi mwaka 2017. Huenda sasa ni baba wa watoto. Deni letu kwake hatuna namna ya kulilipa, maana hatuna hata jina lake kamili. Tulikuwa tukimwita kwa jina la ubatizo tu. Hilo nalo ni sehemu ya deni. Kwa hiyo ndugu, mkienda, ulizeni jina zima, andikeni, na Jumamosi mliyoitaja, mvua ikinyesha au isinyeshe, mwonekane njiani.