Kikaango cha Kuazima

Wanangu, miaka yote niliyouza chakula kwenye mwalo wa dhahabu huku upande wa Nzega, kitu nilichoombwa zaidi, ukiacha ugali wa mkopo, ni kikaango. "Bibi, tuazime mara moja, tunakirudisha sasa hivi." Mwanzoni nilidhani wanakwenda kukaanga mayai. Kumbe ndani ya kitambaa wameviringisha donge la dhahabu na zebaki, wanataka kulichoma juu ya mkaa. Kikaango kilirudi kimesuguliwa kwa mchanga kikang'aa, pamoja na shukrani nyingi, tayari kwa samaki wa mchana.

Sikumchukia hata mmoja. Mtu aliyeamka saa kumi usiku, akasubiri zamu ya karasha ya kusagia mawe, kisha akaosha matope mpaka kiuno kikakataa kunyooka, huyo ukimwambia akaitafute ritoti ya kuchomea, ile chupa ya chuma yenye bomba inayonasa mvuke wa zebaki na kukurudishia karibu yote uitumie tena, anakutazama kama umemwambia aende Ujiji kwa miguu. Amechoka, mnunuzi anamsubiri, na kikaango cha bibi kiko hapo karibu.

Lakini zebaki ukiichoma haipotei. Inapanda kama mvuke wa sufuria, ila mvuke huu huuoni wala hauna harufu. Inaingia kifuani, inafika kwenye damu na ubongo, na kwa mwenye mimba inamfikia mtoto tumboni. Inayobaki ikipoa hutua juu ya bati, kwenye chandarua, kwenye unga. Miaka inapita. Siku moja mtu mzima anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na bado chai inamwagika, naye anasema ni baridi ya asubuhi.

Nchi hii yetu ya Unyamwezi ilipitisha mizigo mizito kabla yenu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, na bidhaa zilizorudi bara zilikuwa pamoja na bunduki na baruti. Sidhani kama kuna mpagazi aliyehitaji kuambiwa asitue mzigo wa baruti kando ya meko. Baruti ukiikosea, unajua papo hapo. Zebaki inakula nawe sahani moja miaka kumi bila kugombana, na ndiyo maana mtu mwenye akili timamu anaizoea. Siwalaumu kwa kuzoea. Nimekuja kuwaambia mazoea hayo yanakwisha vipi.

Sheria mnazozikimbia, mkiziangalia vizuri, nyingi ni sheria za jikoni. Kila kitu na chombo chake. Mkataba wa Minamata, ule uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda ilimwagwa baharini ikaingia kwenye samaki na kwenye watu, umetaja mambo yanayotakiwa kukomeshwa katika uchimbaji mdogo. Kuchoma donge hadharani. Kulichoma kwenye makazi ya watu. Kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga mzito uliokwisha kuoshwa. La nne ndilo linalowahusu nyinyi wenye mitambo ya kuchenjulia marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuoshwa: kutia sayanaidi kwenye marudio ambayo bado yana zebaki. Mkifanya hivyo sayanaidi inaiyeyusha zebaki pia, na maji yanaibeba kwenda mbali kuliko ambavyo ingekwenda yenyewe.

Na sayanaidi nayo ina masharti yake, kama mgeni mkali. Ikikaa na chokaa ya kutosha, kipimo cha pH kikabaki juu ya 10, hutulia majini na kuyeyusha dhahabu. Chokaa ikipungua, au tindikali ikiigusa, inageuka gesi inayoua kwa dakika chache. Wengine husema wataisikia harufu yake. Wapo watu ambao pua zao haziisikii kabisa. Mimi chumvi naipima kwa ulimi. Nyinyi hamna ruhusa hiyo, sumu haionjwi, kwa hiyo nunueni kipimo na mkitumie kila zamu. Halafu mnaweka tindikali na sayanaidi kwenye stoo moja kwa sababu kufuli ni moja! Kufuli la pili ni bei gani, wanangu?

Sikilizeni kuokoa pesa kidogo kulifika wapi. Mwaka 1984, usiku wa kuamkia Desemba 3, kule Bhopal, India, maji yaliingia kwenye tangi la kemikali ya kutengenezea dawa ya wadudu. Mtambo wa kulipoza tangi ulikuwa umezimwa miezi kadhaa nyuma, ili kubana matumizi. Mnara wa kuchomea gesi inayovuja ulikuwa haufanyi kazi, ukisubiri bomba lake litengenezwe. Gesi ikatoka, na watu kwa maelfu walikufa; wengi iliwakuta wamelala majumbani kwao. Kila kilichozimwa kilizimwa siku ambayo hakikuhitajika, na siku za namna hiyo ndizo nyingi kuliko zote.

Hapa kwetu, tangu mwaka 2003 kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na ya kemikali za viwandani na majumbani iliyo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, mfanyakazi avivae, afya ipimwe, kemikali isajiliwe. Mkaguzi akija, nimeona glavu zikitoka kwenye boksi bado zimenata. Akiondoka, zinarudi boksini. Mkono ni wako wewe, baba, si wa mkaguzi.

Kinachoniuma zaidi ni vyombo. Pipa lililokuwa na sayanaidi linauzwa sokoni, linakingia maji ya mvua. Dumu la dawa ya tumbaku linabeba maziwa. Tindikali inamiminwa kwenye chupa ya soda "kidogo tu, mpaka kesho", na mtoto hajui kusoma kesho.

Kikaango changu nilikitoboa. Nilichukua msumari wa inchi nne na nyundo ya jirani, nikakipiga matundu tisa ili asije mtu akakipikia nikiwa sipo, na kinaning'inia mpaka leo kwenye mwembe karibu na meko. Wenye mapipa na madumu yaliyokwisha kazi, msumari si ghali. Vijana bado wanakuja na kitambaa mkononi. Nawaonyesha matundu, nawaelekeza ilipo ritoti, na chai yao naifunika isipoe mpaka warudi.